Nipe Mji: tengeneza mwenyewe mchezo wa maswali wa familia nzima

"Kitendawili!" "Tega!" Aliyelelewa Unguja au Pemba anajua kinachofuata. Kitendawili kinategwa, watu wanabahatisha, na wakishindwa mtegaji anadai: "Nipeni mji." Anapewa Chake Chake, anakataa. Anapewa Wete, anakubali, anasimulia alivyokwenda Wete akakirimiwa kwa vyakula, kisha ndiyo anafumbua. Mchezo huo hautaki ubao wala karatasi, na mtoto wa miaka sita anaweza kumshinda babu yake.

Hapa nachukua kanuni hiyo moja, ya aliyeshindwa kutoa mji, nikaijengea mchezo wa ubao wenye maswali. Ni wa kuchezwa baada ya futari, au usiku umeme ukikatika, wakubwa na wadogo wamekaa mkeka mmoja. Gharama yake ni ndogo: boksi, karatasi za manila, gundi, makapeni, na jioni kadhaa za kazi ambazo nyumba nzima inashiriki.

Michezo ya maswali ya kununua ipo. Unaojulikana zaidi ni Trivial Pursuit, uliobuniwa Kanada mwaka 1979 na Chris Haney na Scott Abbott. Una jambo moja zuri la kuiga: maswali yamegawanywa kwa mafungu, na kila fungu lina rangi yake. Lakini maswali yenyewe yametungiwa watu wa kwingine. Bibi anayeijua miti yote ya shamba lake hapati pa kuonesha ujuzi wake.

1. Andika nani watakaokaa mkekani

Usianze na ubao. Mimi nilianza na ubao, na ndilo kosa lililonipotezea mwezi mzima. Niliuchora vizuri kwa mfano wa ludo, kisha maswali yote nikayatoa kwenye vitabu vya skuli. Usiku wa kwanza bibi alijibu swali moja, akasema anakwenda kulala. Mdogo wangu wa miaka saba alikosa mara nne mfululizo, akalia. Aliyefurahi ni kijana mmoja tu, wa kidato cha nne, kwa sababu mchezo ule ulikuwa mtihani wake wa marudio.

Basi chukua karatasi, andika jina la kila mtu wa nyumbani, na mbele yake andika anachokijua kuliko wengine. Kwetu ilikuwa hivi: bibi: miti, dawa za miti shamba na vitendawili; ami: bahari, samaki, kaskazi na kusi; shangazi: taarab na maneno ya kanga; kijana: mpira na masomo; mdogo: wanyama, katuni na nyimbo za chuoni (madrasa). Orodha hiyo ndiyo itakayokupa mafungu ya maswali. Sisi tulipata matano: Visiwa Vyetu, Bahari na Shamba, Maneno, Dunia, na Pua na Masikio. Yako yanaweza kuwa mengine kabisa. La msingi ni kuwa kila mtu kwenye karatasi ile awe na fungu moja ambalo likitajwa anasogea mbele kidogo.

2. Kanuni, na kwa nini hazina dadu

Ubao wa kwanza ulikuwa na dadu. Ami akanambia wazi kwamba penye dadu yeye hakai, na nyumba nyingi za visiwani zina msimamo huo kwa sababu ya dini. Nikaiondoa ili akae. Kumbe mchezo wenyewe ulikuwa bora bila dadu, maana hatua unazokwenda sasa unazichagua kwa kupima unachokijua. Vivyo hivyo, usiweke fedha wala sarafu kwenye mchezo huu, hata za kuigiza. Tunagombea miji.

Kanuni ni hizi. Watu wagawanyike timu 4, kila timu iwe na mkubwa na mdogo. Kila timu inapewa kadi 3 za miji, na 4 zinabaki katikati. Zamu ikifika, mdogo wa timu anatangaza: hatua moja, mbili au tatu. Akisema moja, anaulizwa swali jepesi na anajibu mwenyewe, mkubwa asifungue mdomo. Akisema mbili, wanashauriana. Akisema tatu, swali ni gumu na mkubwa ndiye anayejibu, peke yake. Kwa hiyo mtoto ndiye nahodha. Anaamua lini amtume baba yake kwenye swali gumu, na mara ya tatu au ya nne anaanza kumjua baba yake vizuri: "Hili la bahari unaliweza, twende tatu."

Wakijibu sawa, wanasogea. Wakikosa, hawasogei, na timu ya kulia kwao iliyosoma swali inasema "Nipe mji." Walioshindwa wanatoa kadi moja ya mji wanayoitaka wao. Anayepokea lazima aseme neno moja la kweli kuhusu mji ule kabla ya kutoa jibu: amepewa Kojani, aseme ni kisiwa cha wavuvi; amepewa Pujini, ataje magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Akikosa la kusema, mji unarudi kwa mwenyewe. Asiye na mji hatoi kitu, zamu inapita, na akisoma yeye akashindwa mwenziwe atapata. Hakuna anayetolewa mchezoni, na hilo usilibadilishe. Mtoto aliyetolewa akaambiwa atazame wenziwe hutamuona tena mkekani.

Timu ya kwanza kufika mwisho inachukua miji 3 ya katikati, ya pili inachukua mmoja, na hapo mchezo umekwisha. Mwenye miji mingi ndiye mshindi. Mara nyingi si yule aliyefika mwanzo.

Kuna mwanya mmoja tuliougundua. Kwa kuwa msomaji anapata mji wenziwe wakikosa, kijana wetu alikuwa akisoma mbio, maneno yanamezwa. Sasa kanuni yetu ni kwamba kila swali husomwa mara mbili, na mara ya pili polepole. Asiyefanya hivyo hapewi mji.

3. Piga hesabu ya muda kabla ya kuchora

Hapa watu wengi huruka, na ndipo michezo mingi ya kutengeneza nyumbani hufia. Chukua mfano kwamba timu mara nyingi huchagua hatua mbili, na hujibu sawa mara 6 katika 10. Maana yake kila zamu inaisogeza timu hatua 1.2 kwa wastani. Njia yenye vyumba 24 inataka zamu 20 kwa kila timu. Timu ni 4, jumla zamu 80. Kila zamu ikichukua sekunde 45, ni dakika 60 barabara. Ukiongeza njia ikawa na vyumba 36, umefika saa moja na nusu, na wadogo wameshalala juu ya ubao. Vyumba 24 vinatosha. Ikiwa nyumba yenu watu wanapenda kubishana kila jibu, fanya 20.

Hesabu hiyo hiyo inakwambia kadi ngapi unahitaji. Zamu 80 ni kadi 80 kwa usiku mmoja. Anza na 120, kila kadi na maswali 3. Zinaonekana nyingi, lakini watu 8 wakiandika 15 kila mmoja zimetimia. Watoto waandike pia. Maswali ya mdogo wangu kuhusu paka yamewashinda watu wazima zaidi ya yangu ya historia.

4. Maswali, kazi kubwa kuliko zote

Njia nyepesi ya kutunga ni kuchukua kitu kimoja na kukipandisha ngazi tatu. Chukua karafuu:

Hatua 1: Karafuu huchumwa ua likiwa limechanua, au likiwa bado tumba? (Bado tumba.)
Hatua 2: Kati ya Unguja na Pemba, karafuu nyingi zinatoka wapi? (Pemba.)
Hatua 3: Mwaka 1872 jambo gani liliangusha mikarafuu mingi ya Unguja? (Kimbunga.)

Tazama swali la tatu linavyofanya kazi. Halitaki mtu akariri mwaka, mwaka umeshatajwa. Linataka akumbuke au akisie kisa, na jibu likitolewa linaeleza hata swali la pili: Pemba haikuumia kama Unguja, na ndiyo maana baadaye ikawa kisiwa cha karafuu. Swali zuri ni lile ambalo aliyelikosa anasema "Aaa, kumbe!" na mzee mmoja anaanza kusimulia. Maswali ya mwaka gani, kilomita ngapi, watu wangapi, yanaua mazungumzo. Ukitaka kuuliza mwaka, toa uchaguzi wa miwili iliyo mbalimbali: jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 au 1963? Mtoto anaweza kufikiri na kufika.

Sasa mitego. Nimeingia yote, na kila mmoja ulituletea ugomvi mkekani.

Upo mtego wa jambo ambalo vitabu havikubaliani. Niliandika: vita vya Zanzibar na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 vilichukua dakika ngapi? Jibu langu lilikuwa 38. Shangazi alisoma 45, na hakukosea, kwa sababu vitabu vinatofautiana mwanzo na mwisho wa vita uhesabiwe wapi. Swali likabadilishwa: vita hivyo vilimalizika kabla ya saa moja kupita, kweli au si kweli? Hilo halina mgogoro. Sawa na umri wa Bi Kidude. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, lakini mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika, kwa hiyo usiulize alikuwa na miaka mingapi. Uliza mbali na taarab alisifika kwa ngoma gani, na jibu ni unyago.

Upo mtego wa neno "tu". Kadi yangu ilisema kima punju wanapatikana Unguja tu. Ami akacheka, akasema yeye amewaona kwenye msitu wa Ngezi, hapa hapa Pemba. Ni kweli, wachache waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Swali sahihi ni: asili ya kima punju ni kisiwa gani? Kila ukiandika "tu", "peke yake", "kubwa kuliko yote" au "wa kwanza", simama utafute mtu wa kukupinga kabla hujaikata kadi.

Wa tatu ni wa wakati. Swali la rais wa sasa, waziri wa sasa, bingwa wa sasa litakuwa uongo siku moja, na kadi itabaki. Uliza rais wa kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, hatabadilika. Hata majengo hubadilika: kadi iliyoeleza kwamba ukipanda ghorofa za Beit al-Ajaib utaona hiki na kile ilipitwa na wakati sehemu ya jengo ilipoanguka Disemba 2020.

Na upo mtego ambao hauonekani mpaka uhesabu. Nilipozipanga kadi 27 za Visiwa Vyetu, 19 zilikuwa za Mji Mkongwe. Mimi mtu wa Wete! Vitabu na wageni huandika sana kuhusu Mji Mkongwe, nasi tunanakili bila kujua. Hesabu zako. Msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107 uwemo, sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi iwemo, mchezo wa ng'ombe wa Pemba, kasri la Mwinyi Mkuu pale Dunga, popo wa Pemba, kobe wa Changuu waliotoka Shelisheli, Siti binti Saad aliyezaliwa Fumba na kurikodi nyimbo Bombay mwaka 1928, Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kisha mtaa wenu wenyewe: nani alichimba kisima, skuli ilifunguliwa lini, mti mkubwa pale njiapanda ni mti gani. Maswali hayo ya mtaani, muulize mzee na uandike jina lake nyuma ya kadi.

Fungu la Maneno ni rahisi kulijaza, na watoto hulipenda. Weka vitendawili vyenyewe (Kuku wangu katagia miibani: nanasi), methali za kumalizia, maana ya maneno ya kanga, na lahaja. Kikae ni lahaja ya wapi? Makunduchi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ipi? Kiunguja.

Baada ya kuandika, soma kila swali kwa sauti mbele ya mtu mwenye kazi mikononi, anayekuna nazi au anayepepeta mchele. Akikuuliza "Umesemaje?" swali ni refu. Maneno 15 yanatosha. Hili ni muhimu zaidi kwetu kwa sababu wapo wazee wasioona herufi ndogo, na mchezo wote unapita masikioni mwao.

5. Pua na Masikio

Fungu hili ndilo lililomrudisha bibi mkekani, nami nalipenda kuliko yote. Tafuta vichupa 6 vidogo vyenye vifuniko, vioshwe vikauke kabisa. Tia iliki, karafuu, mdalasini, kungumanga, bizari nyembamba, tangawizi kavu, kila kimoja chake, na juu yake weka pamba ili kisionekane. Andika nambari chini ya kichupa. Usitie pilipili ya aina yoyote, mtoto huvuta pumzi kwa nguvu na atapata tabu. Hatua 1 ni kunusa kimoja na kutaja. Hatua 2 ni viwili vilivyochanganywa. Hatua 3 ni kunusa na kusema chakula gani cha nyumbani hakitimii bila kiungo hicho.

Usiku wa pili wa kujaribu, mdogo wangu alichagua tatu. Bibi akafungwa kitambaa machoni, akapewa kichupa nambari 4. Hakunusa mara moja kama sisi. Alikisogeza, akakiondoa, akakisugua kifuniko kwa kidole gumba, akanusa kidole. "Kungumanga," akasema, "na ya zamani, mmeitoa kabatini kwangu." Kisha akamueleza mjukuu wake jinsi ya kuikwaruza, na mchezo ukasimama karibu dakika kumi. Hakuna aliyelalamika. Tangu siku ile viungo nabadilisha kila baada ya miezi miwili, maana harufu hupungua.

Masikio ni simu na nyimbo mlizonazo. Chagua kipande cha sekunde 10 chenye ala moja inayosikika wazi: udi, kanuni, fidla, nai, dumbaki. Hatua 1, ni ala ya kupiga, ya kupuliza au ya nyuzi? Hatua 2, itaje. Hatua 3, mkubwa aimbe mstari unaofuata. Kadi za fungu hili ziwe 12 tu, na mafungu manne mengine yawe na 27 kila moja.

6. Ubao na kadi

Chora kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida, mcheze hivyo hivyo mara mbili. Ubao mzuri ukishachorwa unaona uchungu kuubadilisha.

Njia yetu inaanza Makunduchi na kuishia Konde. Inapita Kizimkazi, Tunguu, Mjini, Mahonda, Mkokotoni na Nungwi, inavuka bahari kwa vyumba 3, inapanda Mkoani, Chake Chake, Wete. Chumba ulichosimama ndicho kinachosema fungu la swali lako. Vya bahari vyote vitatu ni Bahari na Shamba. Mjini na Wete ni Pua na Masikio, viwili hivyo tu, vinatosha.

Kata kadibodi nene ya boksi la televisheni au friji, sentimita 60 kwa 40. Kwa kukunjika, pitisha kisu katikati ukate tabaka la juu peke yake, kisha ubandike utepe mpana upande wa pili. Gandisha karatasi pande zote mbili za kadibodi. Ukigandisha upande mmoja, ubao utajikunja ukikauka, na wakati wa masika utazidi. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Uji wa unga unashika, lakini unaita mende. Weka vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Kadi zikatwe kwenye manila ya A4: kunja mara tatu upate 8, kila moja kama milimita 105 kwa 74. Karatasi 15 zinatoa kadi 120, ongeza 2 kwa kadi 16 za miji. Miji ya kadi iwe nusu kwa nusu, 8 ya Unguja (Jambiani, Chwaka, Bumbwini, Tumbatu, Fumba, Uzi, Bububu, Mangapwani) na 8 ya Pemba (Kojani, Kengeja, Micheweni, Mtambwe, Makoongwe, Pujini, Ole, Wesha). Hatua za swali zioneshwe kwa nukta, moja, mbili, tatu, maana mwanga wa taa ya simu hubadilisha rangi. Kete tumia komwe za bao. Zikiwa zimefungwa uzi wa rangi nne hazichanganyiki.

7. Jaribu, halafu rekebisha

Waite watu wasiohusika kutunga. Wasomee kanuni mara moja, kisha kaa kimya. Pale wanapokuuliza ndipo kanuni yako haijakamilika, iandike upya usiku ule ule. Kila kadi iliyotumika tia alama ndogo nyuma: mstari kwa jibu sahihi, duara kwa lililokosewa. Swali la hatua 1 lililokosewa na watoto watatu lipandishe hatua. Swali la hatua 3 ambalo hakuna aliyelipata mara tatu, wala halikuzaa mazungumzo, litoe.

Chagueni pia mwamuzi kabla ya kuanza, mtu mzima mmoja anayeheshimika, na neno lake likubalike usiku huo. Jibu likibishaniwa, yeye aamue kwa sasa, kadi iwekwe pembeni, na kesho ukweli utafutwe. Sisi tuna bahasha ya kadi za kesho. Anayepeleka ushahidi anapewa mji mmoja wa kuanzia usiku unaofuata.

Ndani ya boksi acha kadi 10 tupu na kalamu. Kila mgeni anayelala kwetu, kabla hajaondoka, anatakiwa kuandika kadi moja ya kwao.